Maisha ya John Akii-Bua, Bingwa wa Viunzi wa Uganda

Katika gazeti letu wenzangu wamekwisha kuandika maisha ya machifu, ya wavumbuzi na ya madaktari mashuhuri, nami nimeyasoma yote kwa furaha. Lakini sijaona hata mara moja maisha ya mtu wa michezo, kana kwamba mtu akimbiaye hana maisha ila zile dakika chache aonekanazo uwanjani. Basi nimemwomba mhariri nafasi nieleze habari za John Akii-Bua wa Uganda, ambaye mwaka 1972 alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia meta 400 za kuruka viunzi kwa muda usiofika sekunde 48. Alifariki mwaka 1997, miaka mingi kabla sijazaliwa. Nchi yake si mbali nasi. Sisi wa Kibingo tukielekea Murongo na kuvuka mto Kagera, tumekwisha kuingia Uganda.

Mimi mwenyewe si mkimbiaji. Siku ya michezo kazi yangu ni kushika saa ya kupimia na kuandika muda wa kila mmoja katika daftari la mwalimu wa michezo. Labda ndiyo sababu jambo lililonivuta katika maisha ya mtu huyu si zile sekunde tu, bali miaka ishirini na mitano iliyofuata. Maana mabwenini twasikia kila usiku mazungumzo ya mishahara ya wachezaji wa kulipwa. Huyu ataja Mbwana Samatta, aliyepitia Lubumbashi na Ubelgiji hata akacheza Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020. Yule ataja wakimbiaji wa Kenya na magari yao. Hakuna aulizaye mtu huishije mbio zikiisha.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wa nyumba ile walikuwa 43. Sisi tulalao bwenini twaweza kufahamu kidogo jinsi ilivyokuwa kugombea nafasi, na sahani, katika jamaa kubwa namna ile. Alichunga ng'ombe kama watoto wenzake. Masomo hakuendelea nayo mbali. Aliacha shule angali kijana, baadaye akaenda Kampala akaandikwa askari polisi.

Katika miaka ile polisi, jeshi na magereza ndizo zilizokuwa shule za michezo katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Kijana mwenye mbio alipewa sare, chakula, mshahara wa kiasi, na saa za kufanya mazoezi. Alikuwa askari kwanza, ukimbiaji ukafuata. Namwomba msomaji alishike jambo hili dogo, maana nitalirudia. Huko polisi Akii-Bua alimkuta Jorem Ochana, askari mwenzake aliyekuwa hodari wa viunzi, ambaye alimwonyesha mambo ya kwanza. Kisha mwaka 1968 alikuja Uganda mkufunzi kutoka Uingereza, Bwana Malcolm Arnold, aliyekuwa bado kijana na asiye na jina kubwa. Akii-Bua wakati ule alikuwa akikimbia viunzi vya mbio fupi, na hakupata kuchaguliwa kwenda Mexico katika Olimpiki ya mwaka huo. Bwana Arnold akamtazama, akaona kwamba miguu ile na pumzi ile vyafaa zaidi kwa meta 400, akamgeuza.

Kwa wale ambao hawajaziona mbio hizi, nieleze kidogo. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja, na katika njia yake kuna viunzi kumi, kila kimoja kina kimo cha sentimeta 91 na kidogo. Kati ya kiunzi na kiunzi ni meta 35. Shida si kuruka. Hata mbuzi huruka. Shida ni kuhesabu hatua. Mtu akikifikia kiunzi kwa mguu usio wake hulazimika kufupisha hatua, na hapo sekunde humtoka kama maji katika pakacha. Tena kadiri achokavyo hatua zake hupungua urefu, kwa hiyo hesabu aliyoanza nayo haimfai mwishoni. Akii-Bua alijifunza kuruka kwa mguu wowote, wa kushoto au wa kulia, hata hesabu ikibadilika asipotewe. Bwana Arnold alimkimbiza akiwa amevaa fulana nzito iliyoshonewa vipande vya risasi, yaani yale madini mazito, juu ya viunzi virefu kuliko vile vya mashindano, ili siku ya mashindano ajione mwepesi.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa nne. Mwaka 1971 alikimbia Durham, Marekani, katika mashindano ya Waafrika na Wamarekani, akashinda, na mwaka ule hakuna mtu duniani aliyepata muda mzuri kuliko wake. Hata hivyo alipofika Munich, Ujerumani, mwaka 1972, wengi walimtazamia David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa 1968 na mwenye rekodi ya dunia, au Ralph Mann wa Marekani. Tena katika fainali Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na haipendwi na warukao viunzi.

Fainali ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972. Hemery alitoka kwa kasi kubwa, lakini katika kona ya mwisho Akii-Bua alimfikia, na waliponyooka kuelekea utepe alikuwa mbele, akaendelea kuwaacha. Muda wake ulikuwa sekunde 47.82. Mann alipata 48.51, na Hemery 48.52. Mimi nishikaye saa najua maana ya tofauti ile: katika mbio za namna hii ushindi wa zaidi ya nusu sekunde ni jambo la kustaajabisha. (Mshindi wetu wa mwaka huu katika meta 400, bila kiunzi hata kimoja, alitumia sekunde 55, nasi tulimbeba mabegani.) Baada ya kushinda hakusimama. Aliendelea kuuzunguka uwanja akirukaruka viunzi kwa furaha, na watu wote wakasimama kumshangilia. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda tangu nchi ile ianze kwenda Olimpiki. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Sasa yafaa tuulize alipata nini. Kijana wa leo atadhani alipewa fedha nyingi palepale. Hakupewa hata senti. Siku zile sheria za riadha zilisema mkimbiaji ni mchezaji wa ridhaa, yaani akimbia kwa kupenda tu, na mtu akipokea malipo hufukuzwa. Jim Thorpe wa Marekani alinyang'anywa medali zake za mwaka 1912 kwa sababu tu alikuwa amelipwa fedha kidogo kwa kucheza besiboli. Sheria ile ilitungwa na watu waliokuwa na mali zao tayari, ambao hawakuhitaji kula kwa miguu yao. Kwa mtoto wa tajiri ilikuwa sheria ya heshima. Kwa askari mdogo wa Kampala ilikuwa mlango uliofungwa. Basi alirudi nyumbani na medali shingoni, viatu vya kampuni ya Puma miguuni, na mshahara wake uleule wa polisi.

Ndipo serikali ikamtunza. Mtawala wa Uganda wakati ule alikuwa Idi Amin, aliyempindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Amin mwenyewe alikuwa bondia zamani, bingwa wa Uganda kwa miaka mingi, naye alipenda kuonekana pamoja na wanamichezo. Akampandisha Akii-Bua cheo katika polisi, akampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Mtu akisoma mpaka hapo atasema kijana amefanikiwa. Lakini zawadi ile ilikuwa na uzi mrefu uliofungwa nyuma yake. Obote alikuwa Mlango, na Akii-Bua alikuwa Mlango. Katika miaka hiyohiyo Walango na Waacholi wengi, hasa askari, walikuwa wakiuawa. Watu wa nje walipolalamika, Amin aliweza kumwonyesha Akii-Bua na kusema kwamba huyu ni Mlango na anastawi. Basi nyumba ile ilikuwa malipo ya kuonyeshwa. Hakuweza kuikataa, maana ni nani angethubutu, wala hakuweza kuikaa kwa amani, maana jamaa zake walijua imetoka mkono gani.

Hapo naona tofauti kati ya zawadi na mshahara. Mshahara, hata ukiwa mdogo, una barua na una tarehe. Mtu ajua kwa nini aupata na akiudhulumiwa ana pa kulalamika. Zawadi ya mkubwa haina tarehe. Hutolewa siku mkubwa akifurahi, na mkubwa akiondoka huondoka nayo, pengine na roho ya aliyepewa. Wenzangu wengine darasani hawakubaliani nami. Wao husema bora nyumba yenye hatari kuliko kukosa nyumba. Nimewaachia maoni yao.

Bwana Arnold aliondoka Uganda mwaka huohuo wa 1972, na baadaye akawafundisha mabingwa wengine huko kwao, mmojawapo Colin Jackson. Kwa Akii-Bua kuondoka kwake kulikuwa hasara kubwa, maana ndiye mtu pekee aliyepanga siku zake kwa karatasi, leo hiki, kesho kile. Mwezi Januari 1973 alishinda tena, katika Michezo ya Afrika huko Lagos. Kisha miaka ikapita. Alitazamia Montreal mwaka 1976, ambako angepambana na Mmarekani mpya aitwaye Edwin Moses. Lakini nchi nyingi za Afrika, Tanzania yetu ikiwamo, ziligoma, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikuzuiliwa kuja Montreal. Mgomo ulikuwa wa haki, sina la kuupinga. Ila gharama yake walilipa vijana wachache. Moses alishinda na kuivunja rekodi ya Akii-Bua bila kumwona kiwanjani. Filbert Bayi wetu, aliyeweka rekodi ya dunia ya meta 1500 mwaka 1974, naye alibaki nyumbani mwaka ule, na John Walker wa New Zealand akaichukua dhahabu.

Mtu mwenye duka akifunga mwaka mmoja hufungua mwaka ufuatao. Mkimbiaji hana mwaka ufuatao. Akii-Bua alikuwa na miaka 22 Munich. Montreal angekuwa na miaka 26, yaani nguvu zimekomaa. Baada ya hapo ni kushuka. Hesabu hii hakuna wa kuibadili, awe na fedha au asiwe nazo.

Sasa nafika kwenye habari ambayo wazee wa kwetu waijua kuliko mimi. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia nchini kwetu, yakaiteka sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Babu yangu hueleza jinsi njia ya kwenda Bukoba ilivyokatika, na chumvi na mafuta ya taa yakawa shida Karagwe nzima. Jeshi letu liliwafukuza, likavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Sisi husimuliwa vita ile kama ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini niliposoma habari za Akii-Bua nilijua mara ya kwanza kwamba mle Kampala, wakati mizinga yetu ikikaribia, alikuwamo bingwa wa Olimpiki akifunga mizigo. Aliogopa pande zote mbili. Watu wa Amin wangemwua kwa kuwa ni Mlango. Watakaoingia wangemdhania kuwa mtu wa Amin kwa sababu ya cheo na ile nyumba. Zawadi ya mwaka 1972 ilikuwa imegeuka kuwa ushahidi.

Akakimbia na mkewe na watoto mpaka Kenya. Mkewe alikuwa mjamzito. Alijifungua kabla ya wakati, na mtoto yule hakuishi. Huko Kenya walitiwa katika kambi ya wakimbizi. Mtu ambaye miaka saba kabla alisimamiwa na uwanja mzima wa Munich alikuwa sasa hana nyumba, wala cheo, wala mahali pa kupeleka watoto.

Waliomtoa ni wale watu wa viatu. Kampuni ya Puma ilipata habari zake, ikamchukua yeye na jamaa yake mpaka Ujerumani, ikampa kazi. Akakaa huko miaka mitatu au minne akifanya kazi ya mshahara katika kampuni. Mwaka 1980 alikwenda Moscow kuikimbilia tena Uganda, lakini alikuwa ametimiza miaka 30 na hakufika fainali. Sidhani kampuni ile ilifanya hivyo kwa huruma tupu, maana jina lake lilikuwa limeuza viatu vyake. Hata hivyo namna ya msaada wao naisifu. Hawakumpa nyumba wala mfuko wa fedha mbele ya wapiga picha. Walimpa kazi, yaani mahali pa kuamkia asubuhi, kama vile polisi ya Kampala ilivyompa alipokuwa kijana. Hili ndilo nililoahidi kulirudia. Katika maisha yake yote naona nyakati mbili tu alizosimama penye udongo mgumu, na zote mbili alikuwa mwajiriwa.

Mwaka 1983 alirudi Uganda. Akaingia tena polisi, akawa mkufunzi wa riadha, akawafundisha vijana kuruka viunzi katika nchi iliyokuwa bado na vita na upungufu wa kila kitu. Mkewe alifariki kabla yake, akabaki mjane na watoto wengi. Tarehe 20 Juni 1997 naye akafariki, mwenye miaka 47, akaacha watoto kumi na mmoja. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa. Mwezi Agosti mwaka uleule, katika mashindano ya dunia ya riadha huko Athens, washindi walipewa zawadi za fedha kwa mara ya kwanza katika mashindano hayo, dola 60,000 kwa kila dhahabu ya mkimbiaji mmoja mmoja.

Najua kuna atakayesema: basi shida ya Akii-Bua ilikuwa kukosa fedha, na siku hizi fedha zipo, kwa hiyo maisha yake hayatuhusu. Nilidhani hivyo pia mpaka nilipoyaweka maisha yake kando ya maisha ya Samuel Wanjiru wa Kenya. Huyu alizaliwa mwaka 1986, na akiwa na miaka 15 alipelekwa Japani kusoma sekondari huko Sendai kwa sababu ya mbio zake. Kisha akakimbilia timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, akilala na kuamka kwa saa za kampuni. Mwaka 2008 akashinda marathoni ya Olimpiki huko Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Akashinda London na Chicago mwaka 2009, na Chicago tena mwaka 2010. Zaidi ya zawadi za mbio zenyewe, mara mbili alipata ile tuzo ya jumla ya marathoni kubwa, ambayo ni dola 500,000 kila mara. Alikuwa amekwisha kuacha ile kampuni ya Japani na kurudi Nyahururu, ambako hakuna aliyempangia saa ya kulala, na marafiki walikuwa wengi kuliko alivyoweza kuwahesabu. Magazeti ya miaka ile yalijaa habari za pombe na ugomvi. Tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka ghorofani nyumbani kwake, akafa, mwenye miaka 24.

Sitaki kuhukumu nyumba ya marehemu. Nasema tu kwamba Akii-Bua alikosa fedha, na Wanjiru alizipata nyingi, lakini mambo waliyoyakosa wote wawili yalikuwa yaleyale: mtu wa kukaa nao chini na kuwaeleza kwamba miaka ya mbio ni michache, kwamba kila mkono utoao una sababu yake, na kwamba fedha ya siku moja haina budi kugawanywa kwa siku nyingi. Kazi hii haiwezi kufanywa na mkufunzi peke yake. Yeye ana saa yake mkononi kama mimi, na hutazama mstari wa mwisho.

Msaada wa namna hiyo umeanza kupatikana, ingawa umechelewa. Mwaka 2005 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianzisha mpango wa kuwasaidia wanamichezo kupata masomo na kazi, na huko Kenya chama cha riadha huwakusanya vijana kuwafundisha juu ya fedha na mikataba. Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu ya pili, nayo ililetwa London mwaka 2012 na Stephen Kiprotich katika marathoni. Kiprotich alikuwa askari magereza. Baada ya ushindi alipandishwa cheo katika kazi yake ileile. Nasi tunaye Bayi, aliyekuwa mwanajeshi siku zote za mbio zake, na alipoacha kukimbia akaanzisha shule pamoja na mkewe. Shule zile zipo Dar es Salaam na Kibaha.

Nimeandika haya si kwa sababu ya vitabu tu. Muhula huu mwenzetu mmoja, mchezaji hodari wa mpira aliyetuchezea katika UMISSETA, amefuatwa na mtu ajiitaye wakala. Mtu huyo ataka shilingi laki tatu za kwanza ili ampeleke kujaribiwa na timu ya mjini, na ataka aende kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwezi Novemba. Baba yake amekwisha kuuliza bei ya mbuzi. Karatasi aliyopewa ni ukurasa mmoja wa Kiingereza, na penye fungu la wakala pameachwa wazi. Mimi nijuavyo, katika riadha wakala hukata kama asilimia 15 ya kile mchezaji alichokwisha kupata. Hamdai mchezaji kabla hajapata kitu. Mwenzetu amesikia haya, hajaamua.

Kwa hiyo wachezaji wa timu zote za shule tulikwenda kwa mwalimu wa michezo, naye akazungumza na mwalimu wa somo la kutunza hesabu. Wamekubali kwamba kila Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya mazoezi, tutakaa chumba cha Kidato cha Pili tufundishwe kusoma mkataba neno kwa neno, kufungua hesabu ya benki, na kugawanya fedha ya msimu mmoja kwa miezi kumi na miwili. Karatasi ya kwanza kusomwa itakuwa ile ya mwenzetu, mwenyewe ameikubali. Wazazi wenye vijana wachezao, hasa akina baba waliokwisha kuletewa habari za mawakala, waombwa kufika. Mafunzo yataanza saa tisa alasiri.